Kikapu cha Nyuzi za Vipimo

3 Machi

Mjukuu wangu,

U mzima? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Fundi viatu wa jirani ananiandikia. Nimemwonya asipunguze neno.

Ni miezi minne sasa tangu uondoke na kikapu changu. Unajua sikusoma. Kila mteja ana uzi wake: fundo la bega, la kifua, la kiuno. Ulisema utaviingiza vipimo vyote kwenye programu ya mtandaoni, watu waagize nguo wakiwa mbali. Haya. Hospitali inataka sare za wauguzi themanini mwisho wa Mei. Wananipa mimi kazi kwa sababu siwatoi wauguzi wodini kuja kupimwa. Bila nyuzi nitakata nini?

Nakupenda, mkaidi wewe.

Bibi yako

20 Machi

Shikamoo Bibi,

Magoti yamepoa? Mimi sijambo.

Programu niliimaliza, ikafanya kazi. Lakini kiunzi nilichotumia kuiandikia programu kimepitwa na wakati. Kiunzi ni mifupa iliyokwisha kuungwa, sisi tunaongeza nyama. Wenzangu ofisini wamehamia kipya, kurasa zinabadilika papo hapo. Walinicheka. Nimeanza upya na hicho. Vuta subira.

Mjukuu wako

9 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Unakula?

Hao waliokucheka, nani kati yao amevaa sare yangu? Cherehani yangu ina miaka thelathini na moja. Zipo zinazotarizi maua zenyewe, nimeziona, nimezipita. Ile programu ya kwanza si ilifanya kazi? Iwashe! Hutaki, nirudishie kikapu. Nimekiulizia, umenijibu mifupa na nyama.

Bibi yako

2 Juni

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kimya. Sijui nianzie wapi.

Nilipomaliza kuingiza vipimo nilizitupa nyuzi. Nilidhani hazina kazi tena. Nilipobadilisha kiunzi nikafuta kila kitu cha zamani, nikasahau kuhamisha vipimo. Havipo, Bibi. Na kile kiunzi cha pili nacho nimekiacha, sasa natumia cha tatu. Hiki ndicho chenyewe, naapa. Nije niwapime watu upya?

Mjukuu wako

18 Juni

Mjukuu wangu,

Mimi mzima wa mwili.

Mei, barua yako haijaja, niliwangoja wauguzi getini na uzi mpya mkononi. Wanane walisimama. Wengine walinipita wakisema, "Bibi, zamu imeanza." Hospitali imempa kazi fundi mwingine.

Hilo nimelimeza. Lakini uzi wa bluu ulikuwa wa marehemu mama yako. Nikiushika nilikuwa najua mabega ya mwanangu yaliishia wapi. Sikuutaja kwenye barua kwa sababu nilidhani unaujua, na kwamba huo, hata ukitupa zote, utaubakiza.

Usije kupima mtu. Ukipata likizo njoo ule, ulale, kitanda chako kipo na shuka nimefua. Ila usiniambie tena habari ya viunzi, na cherehani yangu usiiguse.

Bibi yako