Aliyekaa Upande wa Kijana

Buyenzi, Bujumbura
6 Machi 2011

Mwanangu Aurélie,

Salamu nyingi. Hujambo huko Pinetown? Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha, na mvua yenyewe haikatiki.

Shangazi yako Libérate amepiga simu. Anasema Eddy, yule mwenye maghala Mobeni, anataka kukuoa, na wazee wake watakuja kwangu baada ya Pasaka kushika mlango, yaani kukuposa. Wataleta bia. Unajua mila yetu: nikishaionja bia yao, nimekutoa, na hakuna kurudi nyuma. Nyumba hii ninamolala ni ya dada yangu. Ndiye aliyekupeleka Durban, ndiye aliyekupa kazi dukani kwake. Sijui nitamkataliaje.

Lakini simuni unanijibu "ndiyo, baba" kama mtu anayesikilizwa. Niandikie ukweli. Barua mpe Antoinette, anakuja huko kununua nguo za kuuza.

Baba yako


Pinetown, Durban
2 Aprili 2011

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Ni kweli, Shangazi huweka spika tukizungumza. Baba, simtaki Eddy. Si mtu mbaya. Ananiletea manukato, ananiahidi kwamba sitasimama tena dukani. Ila akizungumza nami macho yake yako kwa Shangazi, anangoja yeye ndiye ajibu.

Ninampenda Léonce. Anafanya kazi katika kiwanda cha magodoro Mobeni, amepanga chumba Glenwood kwenye nyumba ya wanafunzi. Tunasali pamoja, na baada ya ibada hunisindikiza hadi kwenye taxi. Nilipomwambia Shangazi alisema: "Eish, Aurélie. Huyo iko na nini? Hata famille hana. Nilikuleta huku uolewe na godoro?" Nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Nakuomba, baba, usiinywe bia hiyo.

Binti yako


Buyenzi
15 Mei 2011

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tupo, tunaendelea.

Wazee wa Eddy walikuja. Bia ikamiminwa. Niliishika glasi, nikairudisha mezani mbele yao. Povu likaisha, wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza kama ninaumwa, nikamwambia siumwi. Waliondoka kwa heshima, nami niliwaonea haya sana.

Libérate alipiga simu jioni ileile. Anaitaka nyumba yake. Simlaumu kupita kiasi. Amewalisha watu wengi, akazoea kwamba anayelisha ndiye anayeamua.

Sasa Léonce alete watu wake. Binti yangu lazima aombwe. Nikikutoa kwa mtu asiye na wa kumsemea, watu watasema nilikutupa, na mimi mwenyewe nitaona nimekutupa.

Baba yako


Glenwood, Durban
20 Agosti 2011

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Shangazi alinitoa, sasa nalala kwa Bernadette wa kanisani. Siumwi.

Léonce hana watu. Wote waliuawa mwaka 1993 akiwa mtoto. Alilelewa na masista, baadaye akakulia kambini Tanzania. Rafiki zake walimshauri akodi wazee huko Bujumbura, wavae suti, waseme maneno yanayosemwa, kama wengine wanavyofanya. Amekataa. Aliniambia: "Mimi siwezi kukodi baba. Akishalipwa anaenda zake, mi nabaki na nani?"

Anasema nimwache, niolewe na mwenye ukoo. Jumapili hii hakunisindikiza kwenye taxi. Sikulaumu, baba, wala yeye simlaumu. Nina huzuni tu.

Binti yako


Kinama, kwa baba yako mdogo Pierre-Claver
11 Desemba 2011

Mwanangu Aurélie,

Amani iwe nawe. Nimehamia hapa kwa mdogo wangu. Chumba ni kidogo lakini hakivuji.

Jana tulishika mlango. Pierre-Claver alikaa kwenye kiti cha baba wa binti. Mimi nilitokea nje na kreti ya bia, nikavua kofia, nikakaa upande wa wageni. Joséphine, mkewe, akaninong'oneza kwamba nimekosea kiti. Majirani walidhani nimechanganyikiwa.

Pierre-Claver akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, umefuata nini hapa?" Nikasema nimemfuata Aurélie, kijana wetu Léonce anampenda. Akauliza, "Wewe ni nani wa huyo kijana?" Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, nikayaacha. Nikasema, "Mimi ni baba yake."

Hakuna aliyecheka. Pierre-Claver akainua glasi akanywa yote. Kisha akataja mahari kubwa, nikabishana naye hadi akapunguza. Nililia, sikujificha.

Kwa hiyo umeombwa, mwanangu, na umetolewa. Msomee Léonce barua hii. Mwambie simdai kitu. Ila aniandikie mwenyewe, maana sijauona bado mwandiko wa mwanangu.

Baba yenu