Podikasti Ndani ya Sufuria

Mdogo wangu Achieng',

Baridi ya Nakuru imekuacha? Hapa Mbita jua linachoma kweli.

Leo nimekaa na akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwa letu. Simu wameiweka ndani ya sufuria ili sauti ivume, wanasikiliza podikasti ya dada wawili wanaofundisha wajane kutetea mashamba yao. Itafute, na usiniambie huna bando! Mvua ilipotushtua, tulikimbilia kuanua omena. Mama mmoja alibaki ameifunika sufuria kwa leso yake mpaka kipindi kikaisha.

Akaniuliza, "Kuna wanawake wengine wanaongea hivi?"

Nikamwambia yuko mdogo wangu, anarekodi podikasti yake chini ya blanketi, lakini anaogopa kuitoa.

Akacheka. "Mwambie atoe. Sufuria iko."

Nakukumbatia,
Dada yako Atieno