Tausi wa Mama Amekwisha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa na afya, wewe na shemeji na wanao. Yule mkubwa bado anakohoa? Mwambie shemeji sigara akavutie nje, si kila kikohozi ni cha baridi. Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika sana. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba dhumuni la barua ni kujuliana hali. Mimi nina dhumuni jingine, na nimeliweka kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na Mama angesikia kila neno.

Habari ya kwanza ni kwamba tausi amekwisha. Miaka minne, dada. Lile boksi ulimletea mwenyewe alipostaafu kule hotelini, baada ya kusimamia chumba cha kushonea maisha yake yote, ukidhani utamfurahisha, na kweli ulimfurahisha. Mimi nilichoka siku ile ile tulipolifungua. Kitambaa kigumu chenye matundu madogo madogo, kipana kama meza ya kulia, picha ya tausi imechapwa juu yake, na mafungu sitini ya nyuzi za sufu, ishirini na mawili kati yake ya kijani. Kila tundu lina uzi wake na kila uzi una namba yake. Kijani namba tisa na kijani namba kumi hata mimi sivitofautishi mpaka nivipeleke dirishani.

Na ndege mwenyewe ni kituko. Amesimama juu ya chemchemi ya marumaru, kifua mbele, shingo kaipinda, uso kama wa mtu aliyesikia harufu mbaya na anakushuku wewe. Fremu ya kushonea imekula nusu ya sebule. Sufu inavuta vumbi, inavuta nywele, inavuta kila uchafu wa nyumba hii. Siku moja nilikuwa nakunywa uji nikahisi kitu kimenikaa kooni, nikakivuta, ukatoka uzi wa kijani urefu wa kiganja. Mama akaniuliza tu ulikuwa namba ngapi.

Sasa habari ya macho. Unakumbuka miezi saba iliyopita daktari alisema ana presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na halirudi, ila la kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji mdogo kama hatachelewa. Na unakumbuka Mama alivyogoma. Lakini nilichokusimulia kilikuwa nusu. Siku ile alikikunja kitambaa chake akakibeba kwenye mfuko mpaka kliniki, akamtandazia daktari mezani, akamwambia aangalie vizuri, kisha amweleze mtu mwenye macho mabovu anawezaje kushona vile. Daktari alikiinua kwenye mwanga, akakitazama sana, akakiri kwamba kazi ni safi na kwamba huenda vipimo vilikosea, arudi tena apimwe upya. Hakurudi. Wewe ukanipigia simu ukiwa na wasiwasi, nikakujibu umwache mama wa watu, mishono yake imenyooka kuliko yangu mimi ninayeishi kwa cherehani. Ukaniamini.

Jumamosi iliyopita akachoma mshono wa mwisho, akaniagiza niwaite majirani. Akaja mke wa fundi viatu na wakwe zake, akaja mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, akaja na yule tuliyempa jina la Redio kwa sababu hana pa kumzimia. Mama alivaa gauni lake la kola, akasimama katikati ya sebule, akakiinua kitambaa mbele yake kwa mikono miwili kama mtoto anayeonyesha cheti. Dada, alikuwa amemshika ndege kichwa chini, miguu juu.

Walitazamana, kisha wakapiga makofi. Redio alisema tausi yuko hai kabisa, amebakiza kuruka tu. Mwalimu akauliza rangi zote zile alizipangaje, na Mama akajibu kwamba mkono wa zamani hausahau, na kwamba kuna daktari mmoja alitakiwa awepo hapa ajifunze. Wakacheka. Wakala biskuti zake, wakanywa chai yake, na kwenye ngazi nikawasikia wakicheka tena, kicheko cha namna nyingine. Watu wazima na akili zao wanamsifu mwanamke kwa kitambaa kilichopinduka, na si mmoja aliyekuwa na adabu ya kukigeuza. Lakini aliyekuwa akiwamiminia chai ni mimi, na mimi nilinyamaza kuliko wote.

Dada, usiichane barua kabla hujaimaliza. Ile mishono iliyonyooka ilikuwa yangu.

Ilianza mwaka jana. Alikuwa anaruka matundu, anapitisha nyuzi mbili tundu moja, anatia kahawia mkiani panapotaka kijani. Basi kila alasiri akishakula na kulala, nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, nafumua yote aliyoyashona asubuhi, nashona upya kwa namba. Akiamka anapitisha vidole juu yake, anatabasamu, anaendelea. Usidhani ilikuwa huruma. Ingekuwa huruma ningejisamehe. Ilikuwa kinyaa tu. Sikuweza kuvumilia ule uchafu ukae sebuleni kwangu, watu waingie wauone, waseme hii ndiyo nyumba ya mafundi. Na siku ile kliniki nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Daktari alipokisifu kitambaa nilijua anasifu mkono wa nani, na nitasema yote maana nimeshaanza: moyoni nilifurahi. Kwa sifa ile nimemgharimu Mama miezi saba ya jicho lake zima.

Jumatatu nilishindwa. Nilimkalisha, nikamwekea kitambaa mapajani, nikachukua mkasi nikaanza kufumua kifua cha ndege. Aliusikia mkasi, akauliza nakata nini. Nikamwambia nakata vya kwangu. Nikaushika mkono wake nikampapasisha yale matundu, nikamweleza tangu lini na kwa nini. Hakufoka, na wewe unayemjua Mama wa chumba cha kushonea ungetegemea afoke. Aliuliza jambo moja tu, kama Jumamosi alikishika sawasawa. Nikamwambia hapana, kilikuwa kichwa chini. Aliisukuma chai yake kando, akaniambia nipige simu kliniki.

Wamempa nafasi Jumatano ya tarehe kumi na tisa. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, atajaribu kulinda kilichobaki, na hawezi kuahidi ni kiasi gani. Mama amekubali, ila na mimi haendi. Amesema mtu aliyempitisha gizani miezi saba akimwambia ni mchana hatamshika mkono kumpeleka popote. Anakutaka wewe. Chakula nikipika anakula, asante anasema, lakini akienda chooni anafuata ukuta, na nikimsogelea anausogeza mkono wake. Sina la kujitetea, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo njoo, na uje kabla ya Jumatano, si siku yenyewe. Nilikuwa nafagia jana akaniuliza kama umeanza kuota mvi. Nikamwambia sijui. Akasema basi atajionea mwenyewe, kama utawahi. Njoo na watoto wote, hata huyo anayekohoa, na wavalishe nyekundu au njano, hizo bado anaziona. Ukifika ukae naye karibu na dirisha, upande wake wa kulia. Mimi nitakuwa jikoni.

Nisalimie shemeji sana, na wote wanaoniulizia hapo. Wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu. Mama hajui kama nimekuandikia, lakini salamu zake zipo humu, maana kila siku anakutaja.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye usiponijibu nitaelewa