Siku Niliyoshika Duka la Mzee Kisumu

Handsworth, Birmingham

Mke wangu Mama Asha,

Assalaam alaykum. Kaa kwanza, maana barua ni ndefu. Mgongo wako vipi? Na Asha, bado anakataa uji mpaka abembelezwe na mtaa mzima? Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala. Uzuri wangu uko palepale, hilo lisikutie wasiwasi.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza jambo zito naishia kukuchekesha, na bando linakata tukiwa tunacheka. Karatasi hii nampa Shabani wa Chumbageni anayekuja likizo, akukabidhi mkononi. Mara ya mwisho uliniuliza, "Baba Asha, sisi tunakuja huko lini?" Nikakwambia Asha aanze kujifunza Kiingereza. Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Mzee Kisumu unamjua kwa sauti, yule Singasinga aliyezaliwa Kenya, aliyekusalimia kwenye simu ukadhani ni mimi naigiza. Duka lake lipo hapa Soho Road, anauza unga wa muhogo, dagaa, nazi, vitu vya kumliza mtu wa kwetu. Nikitoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee napita pale kunywa chai. Na pale ndipo anapokaa profesa wetu wa viza, Papa Dodo, Mkongo anayeendesha gari la mizigo. Karatasi zake zilinyooka zamani, kwa hiyo ana muda wa kushughulikia za wenzake. Nikamuuliza kuna njia gani ya kuwaleta nyinyi.

"Kulikuwa viza ya matajiri," akasema. "Unaweka mamilioni, unapita. Ile walifunga. Sasa kuko ya mutu mwenye wazo mupya ya biashara."

"Wazo ninalo. Chipsi mayai. Nafungua Longbridge, pale palipokuwa kiwanda cha magari. Hawajawahi kuiona tangu waumbwe."

"Ile haiko wazo, ndugu. Ile ni njaa yako."

"Endelea."

"Kuko viza ya watu ya talanta."

"Hiyo ndiyo yangu, ungeanza nayo."

"Talanta yako ni mudomo. Na mudomo, hapa Ulaya, haipewe viza."

Mzee Kisumu alicheka mpaka akashikilia mizani.

Mimi, mke wangu, nina viza ya mfanyakazi. Imefungwa kwa mwajiri aliyenidhamini kama mbuzi kwenye kigingi. Nafanya kazi yake, siyo ya mwingine. Na sisi wa kulea wazee tuliochelewa kuingia, sheria ilishabadilishwa: mke na mtoto hawaruhusiwi kufuata. Kuhamia viza nyingine kunataka kazi ya mtu mwenye digrii, na mimi nimeishia kidato cha pili. Ingawa kidato cha pili cha enzi zetu, tusidanganyane, ni digrii ya siku hizi.

Sasa sikia kilichonipata.

Alhamisi moja mchana nimekaa dukani na kikombe changu, Mzee Kisumu anapigiwa simu, mkewe kazidiwa, apelekwe hospitali. Akavaa koti upande mmoja. "Wewe kaa hapa kidogo, angalia duka, mimi nakuja saa hii." Ungekuwa wewe ungefanyaje? Sisi Ngamiani mtu akienda kuswali si anasema tu "nishikie duka," naye hata hageuki kukuangalia? Nikaingia nyuma ya kaunta. Nikauza mchele, nikapima dagaa, nikamsifia mama mmoja wa Kigoma mafuta ya mawese mpaka akachukua madumu mawili. Nilikuwa nimenoga.

Wakaingia watu wawili, mwanamume na mwanamke, sare nyeusi. Maafisa wa uhamiaji. Yule mwanamke akauliza kwa upole kabisa, "Unafanya kazi hapa?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mumeo akasema, "Dada, bila mimi duka hili halisimami."

"Unalipwa?"

"Nilipwe na nani? Huyu mzee ni baba yangu. Chai yake nakunywa, sambusa zake nakula, hata mchele nikitaka nabeba."

Mwenzake akawa anaandika tu. Kila nilichojitetea kilikuwa msumari mwingine. Wakaitazama viza yangu kwenye simu, wakanieleza kwamba watampa taarifa mwajiri wangu na nitajulishwa. Mzee Kisumu aliporudi akanikuta nimekaa chini juu ya gunia la mchele. Nilipomwambia, mzee wa watu akalia. "Mimi nimeua wewe," akasema. "Kijana, mimi nimeua wewe na duka yangu."

"Hujaniua. Nani kasema nauawa na mchele?"

Lakini usiku sikulala. Mwanasheria wa bure tuliyepelekwa kwake na Papa Dodo, mama mmoja mkavu, alisema kazi bila malipo nayo ni kazi, na sambusa nazo ni malipo. Mwajiri akiniacha, nitapewa muda mfupi wa kupata mwingine wa kunidhamini, nikikosa niondoke. Mzee Kisumu akaandika maelezo, akaambatisha karatasi za hospitali, akaenda mwenyewe na kilemba chake cha harusi kumwona meneja wangu. Na mimi nikawa naenda zamu zangu, naosha wazee, nabadilisha mashuka, natania kila mtu. Ndiyo zile siku uliniambia sauti yangu imekuwa nyembamba, nikakwambia ni mafua.

Juzi meneja akaniita. Watu wa uhamiaji wamekubali ilikuwa dharura. Nimepewa onyo, nabaki na kazi, viza iko salama. Dukani wakanikumbatia, Papa Dodo akanunua kuku mzima. Nami nimekaa katikati yao natafuta furaha, siioni. Nikagundua, Mama Asha, kwamba muda wote ule nilikuwa naomba wanifukuze. Mtu akifukuzwa, mtaani wanasema kaonewa. Akirudi mwenyewe, wanasema kashindwa. Nilikuwa nataka Mwingereza anitolee uamuzi, nami nije nimlaumu barazani.

Kesho yake asubuhi nikaingia zamu. Kuna bibi mmoja namwogesha, Mzungu, kumbukumbu zimemwisha. Kila siku ananiuliza mke wangu yuko wapi. Kila siku namwambia Tanga, anakuja. Anafurahi, anasahau, kesho anauliza tena. Siku hiyo alipouliza, nikaweka taulo chini.

Nikamwambia, "Haji, bibi. Naenda mimi."

Akasema, "Ndiyo vizuri. Vaa koti."

Nilipomaliza kumvisha nikaenda kwa meneja kutoa notisi. Akauliza kama nina uhakika, baada ya yote yale. Nikamwambia sina, lakini nina mke.

Basi ndiyo jibu la swali lako. Nyinyi hamji. Nakuja mimi, nikimaliza muda wa notisi. Simkatazi mtu kuja huku, wapo waliofika na wake zao na wamejenga maisha. Njia yangu mimi ilifungwa nyuma yangu nilipoingia, na nimechoka kujifanya naiona. Najua watasema. Waache waseme, nitawajibu mwenyewe. Unajua hakuna wa kuniweza. Wewe naomba usiwe mmoja wao. Kama moyo wako ulishahamia huku, nigombeze nikifika, usinigombeze kwenye simu.

Nisalimie mama mkwe, mwambie miguu yangu bado inafaa kwenda sokoni asubuhi. Msalimie shemeji Rajabu fundi. Dada yangu mkubwa mwambie asichinje kitu, anipe nafasi ya kulala tu. Asha mbusu, mwambie Kiingereza aendelee nacho, baba atakuja kumsahihisha.

Siji na makubwa. Sanduku moja, na mimi mwenyewe, nimepungua kidogo lakini uzuri wote upo.

Mumeo asiye na mfano Tanga nzima,
Baba Asha