Kiti cha Mumbere Dirishani

Alhamisi, Butembo. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya milimani isiyo na haraka, na matope yamefika mpaka mlangoni mwa atelie, chumba chetu cha kushonea. Wasichana wangu wa ushonaji wamekuja wachache. Nimewapa sare za shule wamalizie vifungo, kisha nikasimama karibu na dirisha nikijifanya napiga pasi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa ndani ya treni.

Najua, shajara yangu, treni yangu imekuchosha. Ni miezi sasa tangu nirudi, na kila nikikufungua naanza na hiyo hiyo. Univumilie na leo. Leo nina sababu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: tulikuwa kundi la vijana kutoka nchi za Maziwa Makuu, tuliochaguliwa kuvuka Tanzania kwa treni, tukishuka mji kwa mji kuonana na watu walioanzisha biashara za kuwainua wenzao. Kutoka upande wetu wa Kongo tulikuwa wawili tu. Mimi, Kavira, ninayewafundisha kushona wasichana waliokimbia vita upande wa Eringeti. Na Mumbere wa Beni, anayekodisha taa za sola kwa wanafunzi ambao kwao hakuna umeme. Butembo na Beni ni majirani, lakini ilitubidi twende mpaka Tanzania ndipo tusalimiane.

Walitupa viti vya kutazamana, yeye dirishani. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda treni. Kila ilipopiga honi tulicheka kama watoto, na Watanzania wa kundi letu wakawa wanatutazama sisi badala ya kutazama nje.

Halafu ukaja ule mchana baada ya Tabora. Treni ilisimama kwenye kituo kidogo, wanawake wakaja chini ya madirisha na mabeseni ya chakula vichwani. Mumbere aliona mmoja, mbali kidogo, ana viazi vitamu vya kuchoma. Akanitazama. Mimi nikageuka nikaangalia behewa letu: nusu ya viti vilikuwa vitupu.

“Enda tu,” nikamwambia. “Haiyajaa bado. Viti mingi iko wazi.”

“Ni kweli,” akasema. “Itaenda wapi hivi?”

Wewe unayesoma huku kwetu hushangai. Sisi gari huondoka likijaa. Unakaa, unakula, unarudi nyumbani kuchukua mwavuli uliousahau, na dereva bado anaita abiria wa mwisho. Sijawahi kuona gari likiacha pesa barabarani kwa sababu ya saa. Basi Mumbere alishuka polepole, akaanza kupatana bei kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, na treni ikaondoka na viti vyake vitupu.

Nilimwona akigeuka. Alikimbia, viazi mkononi, halafu akasimama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kundi zima lilicheka, wakampigia simu, wakampangia basi la kutufuata Dodoma. Mambo yakaisha hapo, kwao.

Kwangu hayakuisha. Koti lake lilibaki juu ya kiti. Bibi mmoja aliuliza kama anaweza kukaa pale, nami nikajibu kuna mtu. Njia nzima nilitazama lile koti, tambarare baada ya tambarare, na nilimkosa mtu niliyemjua kwa siku chache kuliko ninavyowakosa ndugu zangu walioko Kinshasa. Niliona aibu. Nilifurahi pia.

Alitukuta Dodoma, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa na hadithi ya wale wanawake wa kituoni. Wanapika kwa zamu, jiko ni moja, na kwa faida wamejenga chumba cha kulala abiria walioachwa, bila kulipa. Anayelala anafanya tu kazi yoyote anayoijua. Yeye aliwatengenezea taa. Alisema hawa hawakuwamo kwenye programu yetu, na ndio waliomfundisha.

Siku hiyo tulimtembelea mama anayetengeneza makaa ya kupikia kwa maganda ya karanga. Alianza na pipa lililotoboka, akasema, na majirani walimwona mwendawazimu. Mikono yake ilikuwa myeusi alipotusalimia kwa mkono. Mumbere hakunawa mpaka jioni. Baadaye, Morogoro, tulikaa na kijana anayechonga miguu ya bandia. Alikuwa na mzee mmoja pale aliyejaribu mguu mpya huku amemshika kijana bega, hatua, hatua, kisha akaliachia. Nililia mbele za watu. Nilifikiria wangapi Beni wanahitaji mguu kama ule.

Na treni ilipoanza kukaribia bahari, Mumbere aliniinamia akasema: “Kavira, hata siye tunaweza. Weye na mashine zako, mimi na mataa yangu. Nyumba moja, pale Beni. Batoto ba shule banakuya kusoma, bamama banashona. Unasema nini?”

Alimaanisha kazi. Alimaanisha na zaidi ya kazi, tulijua wote wawili, maana alisema huku anaangalia viatu vyake.

Nikajibu: “Tutaona tukifika nyumbani.”

Tulifika nyumbani. Sikuona kitu.

Treni ilituvusha nchi nzima ya watu, na sasa kipande hiki cha barabara kati ya Butembo na Beni kimenishinda. Nikitaja Beni, Mama anaacha anachofanya. “Batu banatoka kule banakimbilia huku,” anasema, “na weye unataka kuenda kule? Kutafuta nini?” Na mimi narudi kwenye cherehani yangu, mtoto mtiifu. Tangu Baba afariki tumebaki wawili nyumbani, na hofu yake ninaielewa. Kuna wiki habari za barabara zinakuja mbaya sana, hata redio hatuwashi.

Lakini wafanyabiashara wanaenda. Kila wiki wanaenda na wanarudi. Nikiwa mkweli, siogopi barabara peke yake. Naogopa kufika. Kwenye treni hatukuwa na shamba, wala mazishi, wala kodi ya nyumba, tulikuwa na dirisha tu na maneno. Kama Mumbere wa Beni si yule wa dirishani? Kama mimi wa hapa, niliyevaa sweta la Mama na matope miguuni, si yule aliyemfurahisha?

Leo mchana Mumbere akatuma ujumbe wa sauti. Nilikuwa jikoni na Mama, anachambua maharage, na bila kufikiri nikabonyeza.

“Kavira, ni mimi. Bamenipatia kazi Bunia. Nitaenda lundi. Mimi napenda tufanye kazi yetu pale Beni, lakini hapana naweza kungojea peke yangu. Kama uko na neno, uniambie mbele ya mimi kuenda. Kama hauna, haina mbaya.”

Haina mbaya. Anaondoka Jumatatu, lakini hilo neno ndilo lililonichoma.

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, zuri huku, bovu kule, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Nilirekodi jibu. Nikafuta. Nikarekodi lingine refu zaidi, lenye “mais” nyingi, lakini juu ya lakini, nikalifuta pia. Niliporudi ndani Mama hakuwepo, na mwavuli haukuwepo.

Amerudi jioni hii, sketi imelowa mpaka magotini, na nyuma yake mtu wa kubeba mizigo akashusha gunia la viazi vya Lubero. Nilidhani ni vya kwetu.

“Nimesema na Papa Kasereka, ule wa duka ya mabati,” akasema. “Camion yake ya mizigo inaenda Beni kesho asubuhi. Utakaa mbele, na muke yake. Ukifika, unaniita kwa simu, hata kama hakuna mutu wa kukupokea.”

Niliinama nikaligusa gunia.

“Na hapana enda kwa batu mikono bule. Kule viazi iko bei kali.” Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu mchana. “Mimi nilikuwa naogopa kukupoteza kwa barabara, Kavira. Lakini huku nyumbani pia, tangu urudi, hauko.”

Ameingia chumbani kwake kubadili nguo. Namsikia anasali rozari, polepole kuliko siku zote. Huenda kesho ataomba nisiende, nami sitamlaumu.

Miezi yote hii nimemsingizia Mama. Sasa ametoka njiani mwangu, amelowa, na hakuna tena mwingine wa kumsingizia.

Sikumjibu Mumbere kwa simu. Kesho nitasimama mlangoni kwake na gunia la viazi, na itabidi nifungue kinywa.