Droo Isiyo na Lebo

Istaravshan, 4 Novemba 2003

Binti yangu Shahlo,

Salamu nyingi. Hujambo? Unakula, au bado unashiba chai? Mimi mzima, ila macho. Daktari anasema sikukuu ya Navruzi, mwezi Machi, itanikuta sioni herufi.

Barua yako imefika kwenye kompyuta ya posta ikiwa imevurugika, Kirusi si Kirusi, Kichina si Kichina. Mastura wa posta, anayeniandikia haya kwa Kirusi, ameuliza, "Fundi, huyu binti yako kalewa?" Nilikufundisha kusoma kwa herufi za madini ya risasi pale kiwandani kwangu cha kuchapia. Nataka nisome barua yako kwa lugha yetu, Kitajiki, kwa macho yangu mwenyewe.

Baba yako

Almaty, 19 Novemba

Asalaam aleikum, Baba,

Naandika Kirusi kwa aibu. Macho yanauma? Programu hiyo ya barua pepe tunaitengeneza sisi, kwa hiyo kosa ni la mezani kwangu. Mkuu wangu ananiambia, "Watajiki wangapi hao? Andika Kirusi yaishe." Hayaishi. Hapa herufi zetu zinaonekana safi, huko zinaharibika, na sijui zinaharibikia wapi. Sitaacha.

Binti yako

Istaravshan, 1 Desemba

Shahlo mwanangu,

Hujambo? Jicho la kushoto limeshaniaga.

Mwaka mmoja nilipeleka droo za herufi mjini Khujand nikasahau kuzibandika lebo. Mpanga chapa wa kule akakisia, na tangazo la harusi likatoka upuuzi mtupu. Bwana harusi alinitukana hadi marehemu babu yangu. Herufi zilikuwa nzima zote. Je, barua zako zina lebo?

Baba yako

Almaty, 9 Januari 2004

Baba mpendwa,

Salamu. Hii ni lugha yetu. Barua zilitoka bila kutaja ni herufi za aina gani, na kompyuta ya posta ikakisia Kirusi; sasa nimezibandika lebo. Mkuu aligoma wiki tano; nimemchosha. Soma polepole. Nitakuja Navruzi, Mungu.

Binti yako

Istaravshan, 2 Februari

Shahlo,

Hujambo? Mimi nina furaha.

Mastura alitaka kunisomea, nikamwambia akae. Nimesoma kwa kioo cha kukuzia asubuhi nzima, foleni nyuma yangu ikinung'unika. Imefika nzima. Ila umeandika "Mungu" ukaacha "akipenda". Barua yenye kosa haitoki kiwandani kwangu. Irekebishe, uitume tena upesi. Bado naona.

Baba yako