Nilivyoshika Fimbo ya Gofu Ruiru

Mama watoto, Chebet wangu,

Salamu nyingi kutoka Ruiru. Maporomoko ya Thika unayaona kwenye picha ya kadi hii. Mimi nina habari kubwa kuliko hayo maji.

Bwana anajifunza gofu. Asubuhi nzima mipira yake inaingia kwenye shamba la kahawa, na mimi dereva wake ndiye ninayeitafuta matopeni. Mwishowe nikamwambia, "Bwana, unaikaba sana hiyo fimbo." Akakasirika, akanipa. "Haya Mutua, piga wewe!"

Nikaishika kama jembe, nikachimba udongo. Wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Hapo nikakumbuka siku nilipokuja kwenu kuposa, nikajaribu kukamua, ng'ombe wa baba yako akapiga ndoo teke. Wewe ukanishika vidole ukaniambia, "Usimkabe, atabana maziwa. Mshike tu asikuponyoke." Nikaishika fimbo hivyo hivyo. Chebet, mpira ulipaa juu ya miti, ukaanguka karibu na bendera ya shimo! Hakuna aliyecheka tena.

Bwana akaniuliza ni mzungu gani aliyenifundisha. Nikamjibu, "Ni mke wangu." Sasa kila akitaka kupiga, ananigeukia kwanza: "Mutua, mama anasemaje?"

Mungu awalinde wewe na watoto. Kadi hii ukimaliza kuisoma, msomee baba yako, tena kwa sauti, maana mpaka leo bado anasimulia ile ndoo.

Wako, Mutua